Kompyuta Ikikataa Lugha Mpya, Diski Isifutwe Upesi

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba yenye kompyuta, hasara aghalabu huja kwa njia iliyo kinyume: ufa ni mdogo, wa kuzibwa kwa robo saa, lakini mwenye nyumba hushauriwa kuubomoa ukuta mzima. Kijana ameweka lugha ya kuandikia programu, akaandika amri yake ya kwanza, na mashine ikajibu kwamba haiitambui. Akajaribu mara ya pili na ya tatu, jibu likawa lile lile. Kisha huitwa fundi, naye, pasipo kusoma neno hata moja lililo kwenye skrini, hutoa hukumu: diski ifutwe, mfumo wote uwekwe upya.

Hukumu hiyo mara nyingi ni kubwa kuliko kosa. Juma hili ukurasa huu unaeleza jinsi jamaa ya askari inavyoweza kulitafuta kosa hatua kwa hatua, hata kama mume yuko zamu mbali na nyumbani. Mama wa nyumbani hahitaji kujua kuandika programu ili asimamie kazi hiyo. Anahitaji kujua maswali ya kuuliza, na swali lipi litangulie.

SHERIKAT IWE MFANO

Mtaa wa Sherikat uko ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile mjini Juba, jirani na Gumbo, kando ya barabara iendayo Nimule kwenye mpaka wa Uganda. Barabara hiyo ya kilomita 192 ilikamilika kutiwa lami mwaka 2012, na ndiyo inayopitisha sehemu kubwa ya bidhaa zinazoingia Juba kutoka Uganda na Kenya. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Jamaa nyingi zilizorejea kutoka kambi ya Kakuma nchini Kenya, au kutoka makazi ya wakimbizi nchini Uganda, zilirudi na Kiswahili na pia watoto waliokwisha kuona kompyuta darasani. Mjini Juba kwenyewe kikundi cha Go Girls ICT Initiative kimekuwa kikiwafundisha wasichana kazi za kompyuta. Kwa hiyo si ajabu binti wa sekondari kuomba aandikiwe nafasi kwenye mashine ya nyumbani ili ajifunze kuandika programu.

Daraja la Uhuru lilipofunguliwa mwezi Mei 2022, safari ya kuvuka Nile ilipata njia ya pili, maana kabla ya hapo magari yalitegemea daraja kongwe la Juba. Lakini daraja jipya halikuifanya kompyuta ya mezani kuwa nyepesi. Kuibeba hadi mjini ni gharama, kuirudisha ni gharama nyingine, na vumbi la barabarani halina huruma kwa mashine. Yafaa basi kosa litafutwe nyumbani kwanza.

Lugha itakayotumiwa hapa kuwa mfano ni Python, kwa kuwa ndiyo wanafunzi wengi huanzia, na haina malipo. Ilitungwa na Mholanzi Guido van Rossum, aliyeitoa kwa umma mwaka 1991. Wengi hudhani imepewa jina la chatu. Kwa kweli jina lilitoka kwa Monty Python, kundi la wachekeshaji wa televisheni ya Uingereza. Maneno yake maalumu hayazidi arobaini, na majina anayoyabuni mwenyewe mwanafunzi anaweza kuyatunga kwa Kiswahili. Ugumu wa siku ya kwanza, basi, hauko katika lugha. Uko katika kuiweka.

KWANZA, NAKALA

Kabla ya mkono wa mtu yeyote kugusa mashine, liulizwe swali moja: ndani ya diski hii mna nini ambacho hakipo pengine?

Katika nyumba nyingi za Juba jibu lake ni zito. Mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016 yaliwaondoa watu majumbani mwao ghafla, na karatasi zikaachwa nyuma, zikaungua au zikapotea. Cheti cha shule kilichopigwa picha kwa simu, kitambulisho cha utumishi, barua ya uhamisho, kadi ya kliniki ya mtoto, picha ya ndugu asiyekuwapo tena: vitu hivi huhamishiwa kwenye kompyuta ili visalie. Aghalabu hukaa humo peke yake, bila nakala ya pili. Anayesema "tufute diski" hazungumzii programu tu. Anazungumzia vitu hivyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kunakili. Flashi moja iwekwe kwenye mashine, mafolda ya nyaraka na picha yanakiliwe, kisha flashi ifunguliwe na kukaguliwa, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine, ili ithibitike kwamba faili zinafunguka. Kunakili bila kukagua ni sawa na kupokea risasi ghalani bila kuzihesabu. Flashi ikishakaguliwa, na iondolewe kabla ya kazi kuanza.

DAFTARI LA MAKOSA

Mwezi Septemba 1947 watumishi wa kompyuta iitwayo Mark II, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, walitafuta sababu ya mashine yao kukosea, wakamkuta nondo amenaswa ndani ya swichi mojawapo. Hawakumtupa. Walimbandika kwenye daftari la kazi na kuandika saa na mahali alipopatikana. Miongoni mwa watu wa kikosi hicho alikuwamo Grace Hopper, ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, ambaye mwaka 1952 alitengeneza programu ya kwanza ya namna yake ya kugeuza maelekezo ya mwandishi kuwa lugha ya mashine, na ambaye alistaafu mwaka 1986 akiwa na cheo cha admirali. Daftari lile limehifadhiwa hadi leo.

Hilo ndilo fundisho la pili. Ujumbe wa kosa na unakiliwe neno kwa neno daftarini, au upigwe picha kwa simu. Maneno "imekataa" na "imegoma" hayamsaidii mtu. Mashine haisemi "nimegoma". Husema haikuiona amri, au faili limepungua, au ruhusa haipo, au cheti cha usalama hakijafika tarehe yake. Kila neno kati ya hayo huelekeza mahali tofauti.

Pamoja na ujumbe, daftari liandikwe kila lililobadilishwa, na lisibadilishwe ila jambo moja kwa wakati mmoja. Askari wa mawasiliano anajua desturi hii. Redio ikinyamaza hukagua betri, kisha antena, kisha masafa. Habadilishi vyote kwa pamoja, maana hata redio ikipona hatajua iliugua nini, na kesho ikinyamaza tena ataanza upya.

MASHINE NA TOLEO VIPATANE

Baada ya nakala na daftari, uchunguzi wenyewe huanza kwenye mashine. Kompyuta nyingi za majumbani zimenunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, na baadhi yake bado zina mfumo wa Windows 7, ambao kampuni ya Microsoft iliacha kuutunza Januari 2020. Python kuanzia toleo 3.9 haiwekeki kwenye Windows 7, hata fundi akeshe. Ili kujua mfumo uliopo, kitufe cha Windows na herufi R vibonyezwe pamoja, liandikwe neno winver, na kidirisha kidogo kitataja jina lake.

Mwenye Windows 7 ambaye hawezi kupata mashine nyingine kwa sasa anaweza kujifunzia toleo 3.8.10, lililotolewa Mei 2021, na ambalo ndilo la mwisho katika 3.8 kuwa na faili la kuwekea kwenye Windows. Lakini ajue kwamba matunzo ya 3.8 yalikoma mwaka 2024: linafaa kwa somo, halifai kwa kazi za siri wala za fedha. Pengine mashine hiyo itadai faili ambalo jina lake linaanza na herufi api-ms-win-crt. Maana yake ni kwamba sasisho fulani la Windows halikuwekwa. Dawa yake ni kulipata sasisho hilo kutoka Microsoft. Kupakua faili moja pweke kutoka mahali pasipojulikana ni kumfungulia mlango mtu asiyejulikana.

Kadhalika kuna mifumo ya biti 32 na ya biti 64. Faili la kuwekea la biti 64 halifanyi kazi kwenye mfumo wa biti 32. Ukurasa wa "System" katika mipangilio ya Windows hutaja mfumo uliopo ni wa namna gani. Jambo hili huchukua dakika moja kuliangalia, na huweza kuokoa siku nzima.

FAILI ZIMA NA UMEME WA KUTOSHA

Faili la kuwekea Python, yaani kisakinishi, huwa na megabaiti zipatazo 25 hadi 30. Anayelipakua kwa bando la simu, mtandao ukikatika katikati, anaweza kubaki na nusu faili lenye jina kamili. Jina halisemi lolote kuhusu uzima wake. Ukurasa wa kupakulia kwenye tovuti rasmi, python.org, hutaja ukubwa wa kila faili. Ukubwa huo na ulinganishwe na wa faili lililopatikana. Zikitofautiana namba, lipakuliwe upya. Na lipakuliwe hapo hapo penye asili, si kwenye flashi iliyopita mikono kumi.

Ukweli mwingine wa Sherikat ni umeme. Panapotegemewa jenereta au sola, kazi ya kuweka programu isianze wakati mafuta yanaelekea kwisha au jua linazama. Umeme ukikatika katikati, programu hubaki nusu: folda lipo, jina lipo, lakini viungo vingine havipo. Hapo tiba si kufuta diski. Kisakinishi kile kile kifunguliwe tena, na kama kinaonyesha neno "Repair", lichaguliwe. La sivyo lichaguliwe "Uninstall", kisha kazi ianzwe upya tangu mwanzo. Kisakinishi kikishindwa huandika chenyewe kumbukumbu ya yale kiliyoyafanya, na dirisha la kushindwa huwa na kiungo cha kuifungua. Mashine nayo ina daftari lake.

AMRI ISIYOITIKA

Kosa linalowasumbua wanafunzi wengi kuliko yote ni lile la mwanzo wa makala haya. Programu imewekwa mpaka mwisho, dirisha limesema kazi imekamilika, lakini kijana akiandika python kwenye dirisha la amri, jibu ni kwamba neno hilo halitambuliwi.

Sababu yake ni nyepesi. Mtu akiandika jina la programu katika dirisha la amri, Windows haiipekui diski yote. Hutazama katika folda alimo mtu huyo, kisha katika orodha ya mafolda iitwayo PATH. Folda la Python lisipokuwa kwenye orodha hiyo, mashine hujibu kwamba haimjui, ingawa anakaa nyumba hiyo hiyo. Ni kama mgeni aliyefika na kulala, lakini jina lake halikuandikwa kwa mlinzi wa lango: kila anayemuulizia langoni huambiwa hayupo.

Uchunguzi ni huu. Liandikwe neno py badala ya python. Likiitika na kutaja namba ya toleo, basi Python ipo na ni nzima, na kilichokosekana ni jina kwenye orodha. Kisakinishi kifunguliwe tena, lichaguliwe "Modify", na katika ukurasa wa mwisho litiwe alama sanduku lisemalo "Add Python to environment variables". Anayeweka kwa mara ya kwanza hujiepusha na usumbufu huo kwa kutia alama kwenye sanduku la PATH lililo chini kabisa ya dirisha la kwanza. Sanduku hilo huja likiwa tupu, na macho ya wenye haraka hulipita.

Baada ya marekebisho, dirisha la amri lifungwe na kufunguliwa jipya. Dirisha la zamani hubaki na orodha ya zamani, na wengi wamekwisha kudhani dawa haikufaa kwa sababu tu hawakulifunga.

Kwenye Windows 10 na 11 huweza kutokea kioja kingine: mtu anaandika python, na badala ya jibu linafunguka duka la Microsoft. Huo si ugonjwa. Mfumo umeweka kibao cha kuelekeza wateja dukani. Katika mipangilio pana ukurasa wa "App execution aliases", na hapo vibao vya python.exe na python3.exe huzimwa.

AKAUNTI YA NANI?

Kompyuta ya jamaa moja huweza kuwa na akaunti tatu: ya baba, ya mama na ya watoto. Kwa desturi yake, kitufe cha "Install Now" huiweka Python ndani ya akaunti ya aliyekibonyeza tu. Baba akiiweka siku ya mapumziko kwa akaunti yake, kisha akarudi kazini, binti akifungua akaunti yake haioni. Mama ataambiwa kwamba programu "imetoweka", na mashaka yataingia nyumbani juu ya nani aliyeifuta.

Hakuna aliyeifuta. Ama iwekwe tena katika akaunti ya binti, ama ichaguliwe njia ya "Customize installation" na kutiwa alama kwenye "Install for all users", jambo linalohitaji neno la siri la msimamizi wa mashine. Neno hilo la siri lisitolewe kwa kila apitaye. Lakini pia lisiondoke na mtu mmoja kwenda naye kituo cha mbali. Liandikwe, litiwe katika bahasha, na bahasha ikae mahali ambapo watu wazima wawili wanapajua.

Nyumba nyingine ina tatizo la wingi: Python mbili au tatu zimewekwa kwa nyakati mbalimbali. Kijana huongeza kifurushi kwenye moja, kisha huendesha kazi yake kwa nyingine, akaambiwa kifurushi hakipo. Amri py -0 huorodhesha matoleo yote yaliyomo. Na vifurushi viwekwe kwa amri ianzayo na py -m pip, ili vifike kwenye Python ile ile itakayoendesha kazi. Tena kijana asivutwe na toleo lililotoka jana: watengenezaji wa vifurushi huchelewa kidogo kulifuata, na kifurushi kisichokuwa tayari hushindwa kuwekwa kwa maneno mengi ya kutisha.

SAA ILIYOPOTEA

Lipo kosa moja ambalo huonekana kubwa, nalo ni la saa tu. Kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya mviringo, mara nyingi ya aina ya CR2032, inayoitunza saa mashine inapozimwa. Betri hiyo ikizeeka, kila asubuhi kompyuta huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Michezo itacheza, barua zitaandikika, lakini mtandao utakataa.

Sababu ni kwamba tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine iliyo nyuma kwa miaka huviona vyeti vya leo kuwa havijaanza kutumika, hivyo pip, kitumwa cha Python kinacholeta vifurushi, hurudi mikono mitupu na ujumbe wenye neno CERTIFICATE. Tiba ni kurekebisha tarehe na saa, kisha kununua betri mpya. Kabla ya kufungua boksi la mashine, waya wa umeme uchomolewe, na anayefungua aguse chuma cha boksi kwanza.

Wakazi wa Juba wakumbuke jambo moja zaidi. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Mfumo wa zamani ambao haujasasishwa unaweza kuwa bado unahesabu kwa kanuni ya awali. Tofauti ya saa moja kwa kawaida haivunji mawasiliano kama ifanyavyo tofauti ya miaka, lakini ni vyema ukanda wa saa ukaguliwe pamoja na tarehe.

Wako watakaomshauri kijana aiamuru pip ipuuze ukaguzi wa vyeti. Asikubali. Hiyo ni kumwondoa mlinzi langoni kwa sababu saa ya ukutani imesimama.

Pasipokuwa na intaneti nyumbani, vifurushi vinaweza kupakuliwa kwenye mashine nyingine yenye mfumo na toleo la Python linalolingana, kwa amri py -m pip download, vikatiwa katika flashi na kuwekwa nyumbani kwa amri py -m pip install ikifuatwa na --no-index --find-links na jina la folda. Bando huokoka.

KOSA LA JINA

Baada ya yote hayo kuwa sawa, kijana anaweza kukuta kwamba somo la jana lililofanya kazi leo limekataa. Mathalani, amejifunza kuchora kwa kutumia sehemu ya Python iitwayo turtle, na faili lake mwenyewe ameliita turtle.py. Python inapotafuta turtle huanza karibu, huliona faili la kijana, na kulichukua hilo. Kila kitu huvurugika, na ujumbe wa kosa huonekana kana kwamba Python yenyewe ni mbovu. Faili libadilishwe jina, liitwe mchoro.py, na amani itarejea. Watu wamekwisha kuondoa na kuweka upya Python mara nne kwa kosa la jina moja.

Kwa wenye Linux, kama Ubuntu, neno ni fupi. Python kwa kawaida imo tayari na huitwa kwa amri python3. Isiondolewe kamwe kwa nia ya kusafisha, kwa kuwa mfumo wenyewe huitegemea.

FUNDI AKIFIKA

Pengine baada ya hatua zote fundi atahitajika, wala hakuna aibu. Fundi mwema hufurahi kukuta daftari. Kabla hajaanza, mama na amwulize maswali manne: Ujumbe unasema nini? Utabadilisha kitu gani kwanza? Kikishindikana tutarudije tulipokuwa? Faili zetu zitaguswa? Anayejibu kwa utulivu apewe kiti. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujitambulisha.

Zipo nyakati ambapo kufuta diski ni haki. Virusi huweza kuwa vimeenea hata mfumo hauaminiki tena. Vilevile diski yenyewe huweza kuwa inakufa, ikitoa mlio wa kukwaruza na kupoteza faili kila siku. Hiyo hubadilishwa, haifutwi. Katika hali zote mbili nakala hutangulia. Lakini amri moja isiyoitika haijawahi kuwa sababu ya kufuta diski ya jamaa nzima.

Siku Python itakapoitika, binti ataandika mstari wake wa kwanza, print("Habari za Sherikat"), na mashine itamrudishia salamu hiyo kwa Kiswahili. Na aiandike tarehe hiyo daftarini, pamoja na toleo alilotumia na kosa lililomchelewesha, maana mdogo wake atapita njia ile ile. Daftari likae kando ya kompyuta. Flashi yenye nakala irudi sandukuni, palipo na vyeti na karatasi za utumishi.